Watoto wanne kwenye picha

“Huyu hana haja ya kupimwa, Sista. Mgonjwa wetu tulishampata.”

Mama alisema hivyo kwa upole, huku akimvuta mtoto wake wa wiki sita ndani ya leso kama mtu anayeficha hela sokoni. Hakuja kwa ajili ya mtoto huyo mchanga. Alikuja kwa ajili ya kaka wa mchanga, kijana wa miaka minne aliyelala kwenye benchi magoti yamekunjwa, akiugulia miguu tangu usiku wa manane. Mchanga aliletwa tu kwa sababu ananyonya. Nami nilipomwona nikataka kutoboa kisigino, nidondoshe damu kwenye karatasi yetu ya kukaushia, kama tunavyofanya kwa kila mdogo wa mtoto mwenye siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nilidhani anaogopa sindano. Akafungua kavera yake, mfuko wa plastiki wa karatasi za hospitali, akatoa kipeperushi kilichokunjwa mpaka kimekuwa kidogo kama kiberiti, akakitandaza juu ya meza yangu.

Picha ilikuwa ile tuliyoizoea sisi wa kliniki. Juu baba na mama, kila mmoja nusu mweupe, nusu mwekundu. Chini yao watoto wanne wamepangwa mstari: mmoja mweupe mzima, wawili nusu kwa nusu, mmoja mwekundu mzima.

“Huyu,” akagusa yule mwekundu, “ni yule pale kwenye benchi. Dada yao ni huyu wa nusu. Wamebaki wawili, na kati yao hakuna mgonjwa.”

Nakiandika kisa hiki kwa sababu ya kidole kile. Tukikaa kwenye vikao vyetu huwa tunasema akina mama hawaelewi siko seli, halafu tunaomba vipeperushi zaidi. Mama huyu alikuwa ameelewa kipeperushi barabara. Alikuwa amekiamini kiasi cha kubeba mimba ya tatu juu yake. Mwenyewe amenikubalia niandike, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike.

Nyumba yenyewe ni ya mpakani, huku Busia upande wa Uganda. Mama ni Mjopadhola wa upande wa Tororo, baba ni Msamia, na lugha ya ndani ni Kiswahili kwa kuwa ndiyo waliyokutania nayo sokoni. Mama hununua mukene, yaani dagaa, huko Majanji ziwani, huanika, huuza kwa debe kwa wanawake wanaovuka kwenda upande wa Kenya. Baba anapakia malori. Mama aliishia darasa la saba, lakini hesabu za kichwani ananishinda. Hesabu hizo ndizo zilizomponza.

Kijana alizaliwa na kilo zake, akanona. Hadi miezi saba hakuna aliyemshuku lolote. Halafu asubuhi moja vidole vya mikono na nyayo vikaamka vimevimba kama mandazi, mtoto hataki kuguswa. Mwezi huohuo mama alikuwa amerudi kazini, akimbeba mgongoni saa kumi na moja alfajiri kuwahi magari ya samaki. Akajiambia ni baridi: nimempiga mtoto baridi. Mama mkwe alikuwa na lake, akampeleka kwa mzee anayechanja chale. Mzee akamchanja kwenye vifundo vya mikono, akapaka majivu ya dawa. Baada ya wiki uvimbe ukaisha.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Chale zimefanya kazi, umeona kwa macho yako. Uvimbe huo wa vidole, ambao kwa watoto wengi ndio mlango wa kwanza wa siko seli, huisha wenyewe baada ya wiki moja au mbili hata usipoufanyia kitu. Nayo ile miezi saba ya amani ina sababu yake. Mtoto hutoka tumboni na himoglobini ya uchanga, protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, ambayo haidhuriwi na ugonjwa huu. Inapopungua, ile ya ukubwani hushika nafasi, na kama mtoto amerithi S, kirithi chenye kasoro, kwa baba na S nyingine kwa mama, yaani SS, chembe zake nyekundu zikikosa oksijeni hujikunja, hukakamaa, huziba mishipa midogo. Mama hakuambiwa haya. Aliona tu kwamba mtoto alikuwa mzima, akaenda naye sokoni, akaugua. Na kuhusu baridi hakukosea sana, maana baridi huamsha maumivu hayo kweli, sawa na kiu, homa na malaria. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba baridi imegonga mlango wa nyumba ambayo ugonjwa ulikuwa umeshakaa ndani tangu siku ya mimba. Miaka mitatu alibeba hatia ya zile alfajiri. Aliponisimulia alikuwa akiangalia mikono yake, si mimi.

Kosa lililofuata lilitoka kwetu, na lilikuwa la neno. Kijana alipofika miezi kumi na minne alipata malaria, akapauka mpaka viganja, akalazwa kwenye kituo kimoja. Mama akaambiwa: “Mtoto hana damu.” Ndivyo tunavyosema wote, kwa Kiswahili, kwa Kisamia, kwa Kiganda. Nami nimelisema mara elfu. Akatundikiwa damu, akachangamka, akarudi nyumbani. Mama akaelewa vile mtu yeyote angeelewa, kwamba debe limepungua, sasa lijazwe. Akaanza kumnywesha biti, maji ya majani ya ovakado, mchuzi wa dodo, yaani mchicha. Akanunua sirapu ya chuma kwa faida ya siku tatu za mukene. Miezi miwili hivi mtoto akawa sawa. Kisha damu “ikaisha” tena. Akatundikiwa chupa ya pili, safari hii nafuu haikudumu. Mama akahitimisha kwamba damu ya kwanza ilikuwa nzuri na ya pili ilikuwa imekaa sana kwenye friji.

Angalia jinsi alivyofuatilia mambo kwa uangalifu. Alihesabu miezi, akalinganisha chupa na chupa. Jibu tu ndilo lililokuwa bovu, kwa kuwa neno alilopewa lilikuwa bovu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtoto mwenye SS huishi siku kumi hadi ishirini. Mwili wake unatengeneza damu usiku na mchana, tena kwa kasi kuliko wangu, ila inavunjika kabla haijafika popote, na yale macho ya manjano ni mabaki ya huko kuvunjika. Damu ya kutundikiwa huja na chembe za mtu mwingine, hizo hukaa zaidi, nazo pia huisha. Sirapu ya chuma haiwezi kuzuia kuvunjika, na mtoto anayeongezewa damu mara nyingi chuma humrundikia mwilini. Siku hizi najilazimisha kusema “damu yake inavunjika upesi.” Ni maneno mengi kuliko “hana damu”, na kwenye wodi yenye foleni hadi mlangoni najikuta nimerudi kwenye yale mafupi.

Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, ameshaongezewa damu mara tatu, ndipo kijana mmoja wa mafunzo akauliza mbona hajapimwa siko seli. Wakamfanyia kile kipimo cha harakaharaka, cha tone la damu na dawa kwenye kioo. Dada yake alikuwa pale, akafanyiwa naye. Wote wawili “positive”. Damu ya kijana ikapelekwa maabara kubwa kuthibitishwa, ikarudi SS. Ya dada haikupelekwa, na hakuna aliyemweleza mama kwamba kipimo kile cha tone hakitofautishi aliye mgonjwa na aliyebeba tu. Basi ingawa mama alimhesabu kama yule wa nusu kwenye picha, kwa mwaka mzima na zaidi binti huyo mzima wa afya alimezeshwa vidonge vya foliki kutoka kwenye kopo la kaka yake, na shuleni akakatazwa kukimbia. Nilipokuja kumpima vizuri alikuwa AS, yaani amebeba S moja tu bila kuugua, kama mama yake.

Siku ya majibu ya kijana mama aliketishwa mbele ya mhudumu kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai. Kiingereza kidogo, Kiganda kidogo, kipeperushi mkononi, na sentensi moja aliyotoka nayo: katika watoto wanne, mmoja anaugua.

Hapa niseme la pembeni. Kipeperushi cha Kiswahili hatuna, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi kwa katiba tangu 2005. Mwenzetu mmoja aliwahi kuleta cha Tanzania, kimeandikwa vizuri, na ugonjwa wanauita selimundu, chembe iliyopinda kama mundu. Neno tamu. Lakini kwa Kisamia omundu ni mtu. Mama alipomsomea mkwe wake, bibi akamtazama akasema: seli ya mtu? Kila mtu si ana yake, ugonjwa uko wapi? Tukabaki na siko seli, na wanaotoka Buganda wakabaki na nnalubiri yao.

Nyumbani sentensi ile ya mmoja kwa wanne ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeikusudia. Baba alisema kwao hakuna kitu kama hicho, na mtoto amelala tumbo la mama na kunyonya maziwa ya mama, kwa hiyo damu ni ya mama. Akaanza kuchelewesha hela za hospitali. Jirani akasema watoto wa siko seli hawafiki miaka kumi na minane, ya nini kumlipia shule. Mama akiwa amezungukwa hivyo, kipeperushi kikawa ndicho kitu pekee chenye habari njema ndani yake: mgonjwa ni mmoja na ameshatoka, na waliobaki ni wazima. Akamwonyesha mumewe picha. Mume, ambaye hakuamini nusu ya juu ya picha iliyompaka rangi nyekundu na yeye, aliiamini nusu ya chini. Wakapata mimba.

Kwa hiyo nilipomwambia pale mezani kwamba mchanga naye anaweza kuwa na ugonjwa, sikuwa nabishana na ujinga. Nilikuwa nabishana na kliniki kama yangu. Mimi mwenyewe kipeperushi kile nimekigawa kwa miaka, na huenda kuna mama mwingine yuko mahali anahesabu.

Tulimtuliza kijana kwanza, dawa ya maumivu, maji, blanketi. Mchana nikaenda jikoni kwa mpishi wetu nikaomba maharage mawili mekundu na mawili ya manjano, na vikombe viwili. Kikombe cha baba jekundu moja, la manjano moja. Cha mama vilevile. Nikamwambia afumbe macho, achote moja huku na moja kule: ndiye mtoto huyo. Manjano mawili, mzima. Moja na moja, amebeba tu. Mekundu mawili, mgonjwa. Akachota, jekundu na la manjano. “Dada,” akasema, akayaweka pembeni juu ya daftari langu. Akapeleka mkono kikombeni tena.

Nikasema, rudisha kwanza.

Akasimamisha mkono. “Nirudishe kwa nini? Mtoto si ameshazaliwa?”

Nadhani kisa chote kiko kwenye swali hilo. Kwa hesabu yake kila mtoto anaondoka na fungu lake, kama mtu anayechukua debe lake la mukene kwenye gunia, na gunia linapungua. Picha ya watoto wanne inasema hivyohivyo, ukiitazama bila kuwa umefundishwa: mafungu manne, wenyewe wanne. Hakuna popote kwenye picha panaposema kwamba baada ya kila mtoto mambo yanaanza upya. Nikamuuliza, ulipomzaa dada, damu yako iligeuka? Akacheka kidogo. Nikamwambia maharage haya mawili ni yako mpaka unazikwa, na ya baba watoto ni yake, mtoto anaondoka na nakala tu.

Akarudisha, akachota. Akarudisha, akachota. Nikawa naandika. Mara ya tatu mekundu mawili. Mara ya nne, mekundu mawili tena. Akaniangalia kama nimemfanyia mazingaombwe. Tukaenda mpaka kumi na mbili, na mekundu mawili hayakuonekana tena hadi ya kumi na moja.

“Kwa hiyo wanaweza kutoka wote.”

“Wanaweza.”

“Na asitoke hata mmoja.”

Inawezekana pia. Baadaye nyumbani nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningetakiwa kuwa nimeipiga zamani. Chukua nyumba mia, wazazi wote AS, kila nyumba watoto wanne. Zenye mgonjwa mmoja kamili kama picha ni 42 hivi. Nyumba 32 hazitapata mgonjwa kabisa. Na 26 zitakuwa na wagonjwa wawili au zaidi. Yaani picha tunayoigawa inakosea kwenye nyumba nyingi kuliko inazopatia, na nyumba za robo ile ya mwisho ndizo zinazorudi kwetu na mtoto wa pili.

Mama akatoa kisigino cha mchanga. Matone yakakauka kwenye karatasi, yakaenda Kampala. Njia hii ya karatasi ndiyo ilitupa ramani ya nchi: kati ya 2014 na 2015 karatasi za damu za watoto zaidi ya 97,000, zilizokuwa zimechukuliwa kwa ajili ya kipimo cha VVU, zilipimwa tena kwa siko seli. Asilimia 13.3 walikuwa wamebeba, asilimia 0.7 wagonjwa. Wabebaji walipatikana katika wilaya zote 112 za wakati ule, na katika wilaya nane walizidi asilimia 20. Baba wa nyumba hii husema kwao hakuna kitu kama hicho. Uganda hakuna kwao pasipo na kitu hicho.

Majibu yalirudi wiki kadhaa baadaye: SS.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Akauliza, “Nimebakiza miezi mingapi?” Sikumwelewa upesi. Alikuwa anahesabu kutoka kuzaliwa hadi siku ile vidole vya kaka vilipovimba. Saba kasoro miwili na nusu. Alitaka kujua ana muda gani wa kujipanga kabla himoglobini ya uchanga haijaisha, jambo nililokuwa nimemweleza kwa kupita tu. Tangu siku hiyo sikumpa maelezo mafupi tena.

Tukajipanga. Penisilini ya kunywa asubuhi na jioni hadi miaka mitano, kwa sababu bandama ya watoto hawa hufa mapema na vijidudu vya nimonia huwamaliza kwa siku moja. Chanjo ya nimonia, ambayo Uganda imeitoa tangu 2013, asikose hata dozi. Chandarua, na dawa ya kukinga malaria kila mwezi. Hapa akaniuliza swali ambalo madaktari wengi hulipenda: kwa nini kitu kibaya hivi kimejaa watu? Nikamwambia aliye AS, mwenye haragwe moja jekundu, hufa kwa malaria kali mara chache kuliko asiye nalo, na kwa nchi ya mbu kama yetu hiyo si zawadi ndogo. Akanyamaza. “Kumbe hiki ndicho kilichonivusha mimi utotoni.” Sijawahi kuona mtu akijisamehe haraka vile.

Halafu bandama, au wengu ukipenda. Kwa mtoto mdogo mwenye SS inaweza kumeza damu ghafla, ikavimba kwa saa chache, na mtoto akafa kwa kupungukiwa damu ilhali damu imo ndani yake. Huko Jamaica wazazi walifundishwa kuipapasa nyumbani, na vifo vya namna hiyo vikapungua sana. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala maabara, kinahitaji mkono wa mama na uvumilivu wa nesi. Nikamlaza mtoto chali, nikashika vidole vya mama, nikavianzisha chini kwenye kinena, nikavipandisha polepole kuelekea mbavu za kushoto. Usibonyeze, mngoje avute pumzi. Mara tatu hakupata kitu. Ya nne akashtuka. “Kama sikio,” akasema. Ukingo wa bandama, laini wenye ugumu ndani, ndivyo ulivyo kweli, kama sikio la mtoto. Vitabu vyangu havina maelezo mazuri kama hayo. Akapima umbali kutoka mbavuni: kidole kimoja. Akachora mstari kwa kalamu ya wino kwenye ngozi, na kila jioni baada ya kumwogesha akawa anapima, akichora upya.

Na kijana mkubwa tulimwanzishia haidroksiyurea. Wiki tatu baadaye akaja na maumivu makali, na kopo la dawa limejaa. Mpwa wa baba alikuwa amesoma karatasi ya ndani ya boksi kupitia simu, akaambia nyumba nzima kwamba ni dawa ya kansa. Sikumlaumu, maana karatasi inasema hivyo. Wala hakuwa amedanganya, dawa hiyo kweli hutibu baadhi ya saratani za damu. Nilimweleza kwamba kwa dozi hii inaamsha tena ile himoglobini ya uchanga. Sikuhitaji kuongeza mengi. Ile miezi saba ya amani aliiona kwa macho. Kumwambia kuna kidonge kinachorudisha sehemu yake ilikuwa kama kumkumbusha jina la mtu anayemfahamu. Nilimwambia pia imejaribiwa hapahapa kwetu, hospitali ya Mulago kwa utafiti uliotoka 2017, na Mbale ikiwa moja ya vituo vinne vya Afrika katika ule uliotoka 2019, na kwamba watoto walioimeza walipungukiwa maumivu, kuongezewa damu, hata malaria. Mbale ni kwa watu anaowajua. Hilo lilimgusa kuliko takwimu. Dawa yenyewe haipatikani kila mwezi, na inapokosekana kwetu bei ya madukani inamla mukene wake. Hapo uelewa haumsaidii kitu.

Mchanga alipofika miezi kumi na mitatu mama alipiga simu saa tisa usiku. Yuko juu ya boda boda, upepo unakata maneno. Niliyasikia matatu: bandama, vidole, vinne. Alipofika, mhudumu wa zamu alishika paji la uso akaona joto, akaanza kuandika malaria. Mama akamzuia mkono. Nilimkuta amesimama, mtoto begani mweupe kama karatasi, anasema: “Mpimie malaria, sawa. Lakini jioni mstari ulikuwa kidole kimoja na sasa ni vinne. Damu yake imekimbilia kwenye bandama.”

Hakusema hana damu.

Himoglobini ilisoma 3.8. Ndani ya saa moja alikuwa na chupa inatiririka. Kaka yake, kwa umri unaokaribia huo, alikaa siku mbili nyumbani akinyweshwa biti.

Baba alikuja kesho yake na kikapu cha nguo. Alikaa nje kwenye gogo muda mrefu. Nilifikiria kumweleza kwamba kipimo chake kilishatoka siku nyingi, kwani mtoto hawezi kuwa SS bila kupewa S moja na baba, lakini nimejifunza kutosema sentensi hiyo ovyo. Kuna nyumba inaweza kuisikia kama ushahidi, na kuna siku jibu la baba hurudi lisilolingana, mama akafukuzwa jioni hiyohiyo. Nikamwacha na gogo lake.

Aliyelimaliza suala hilo ni bibi, mama mzazi wa baba. Mama alikuwa ameyachukua yale maharage nyumbani, akawa anayachezesha na binti juu ya ungo. Karatasi ya binti, ile ya AS, ameiweka kwenye kavera moja na mkataba wa kiwanja, ampe siku akileta mchumba. Jioni moja bibi akasema nipeni nami nichote. Akachota mekundu mawili. Akauliza huyu anakuwaje. Binti akamjibu anavyojua: anavimba mikono, macho yanakuwa ya manjano, damu yake inavunjika. Bibi akakaa kimya, kisha akataja majina mawili ambayo mama hajawahi kuyasikia katika nyumba ile kwa miaka tisa ya ndoa. Watoto wake, kabla ya kuzaliwa baba. Mikono kama mandazi, wote wawili.

Maharage yale hakuyarudisha kikombeni. Mama anasema alikaa nayo mkononi mpaka chakula kikaiva.

Wiki iliyofuata baba aliingia kliniki peke yake, akakunja mkono wa shati. Karatasi yake iko Kampala, haijarudi.